Mkanda Alioufuata Elick

Kahigi anasema aliliona kwa macho yake mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, ukungu bado umelalia migomba, naye alikuwa anapita njia ya mkato nyuma ya nyumba yetu, amebeba dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, analipeleka kwa shemeji yake senta ya Nyaishozi. Akasikia injini. Anasema alijua mara moja ni gari la Elick, maana huku kwetu hakuna gari lingine lenye sauti ile, sauti nzito inayotoka kifuani. Akajisemea, kumbe Elick amerudi, waitu, na sisi majirani hatujaambiwa. Akasogea mpaka kwenye banda, akachungulia penye ubao uliong'oka ili amsalimie. Gari lilikuwa linatetemeka. Moshi ulikuwa unatoka nyuma. Na kwenye kiti cha dereva hapakuwa na mtu.

Kahigi akifika hapo huwaangalia wanaomsikiliza mmoja mmoja. Kisha anaendelea. Anasema alipokuwa bado amesimama pale, injini ilipandisha sauti yenyewe, kama mtu kaikanyagia mafuta, ikashuka, ikapanda tena. Dumu likamponyoka. Rubisi yote ikamwagikia mibuni yetu, na watani wake wanasema kahawa ya mwaka huu itakayotoka pale italevya watu huko Ulaya. Yeye hacheki. Anasema cheka wewe ambaye hukuona.

Mimi siku hiyo nilikuwa bondeni navuna maharage. Mama mkwe ndiye aliyenituma, akisema mvua ikirudi yataoza. Niliporudi na mzigo kichwani nilikuta watu wamesimama njiani, Kahigi katikati yao, suruali imelowa mpaka magotini. Wote wakaniangalia. Hakuna aliyenisalimia, na huku kwetu mtu hamwangalii mwenzake bila kumsalimia mpaka awe anajua habari ambayo wewe bado hujaijua.

Mimi ni Placida, mke wa Elick. Nilizaliwa Kyerwa, nikaolewa hapa. Elick aliondoka wakati kahawa inaanza kuiva, na tangu hapo kahawa imeiva tena na kuanikwa.

Gari lenyewe ni jekundu, la milango miwili, chini chini kama kobe. Lililetwa Bukoba zamani na mfanyabiashara mmoja aliyependa mashindano ya magari. Alipozeeka akamwachia Elick, kwa kuwa Elick ndiye aliyekuwa akilitunza tangu ujana wake. Alipolileta kijijini watu walimcheka. Gari la mbio kwenye vumbi hili jekundu, na ndizi atapakia wapi? Akawajibu kwamba ndizi zitapanda pikipiki, maharusi watapanda gari. Na kweli, hapakuwa na harusi ya maana Kayanga wala Bugene ambayo gari lile halikumbeba bibi harusi. Kilometa zikapita laki nne, na injini ilikuwa ile ile, haijawahi kufunguliwa.

Watu walimuuliza siri yake, wakidhani ni dawa. Alikuwa akisema, "Injini haifi kwa mbio. Inakufa kwa pupa."

Mimi nilikuwa namshikia tochi na spana, na kwa kuwa si mwongeaji, nilitazama. Asubuhi anavuta kijiti cha oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakivuta tena, anaitazama oili dhidi ya jua. Akiwasha haondoki mpaka mshale wa joto uamke, na hata akiondoka huenda kwanza kama anayepeleka yai. Akitoka mlimani hazimi pale pale, anaiacha injini ingurume taratibu mpaka turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ipoe, kwa sababu turbo ikizimwa ikiwa bado nyekundu, oili inaungulia humo ndani kama maziwa sufuriani. Oili alibadilisha kabla ya wakati wake. Chujio la hewa alilikung'uta kila tulipotoka safari ya vumbi. Maji ya chemchemi hakuyatia kamwe kwenye rejeta, akisema yanaacha kutu. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo na chuma. Akasema chuma kinakumbuka kuliko watu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimepitiliza wakati wake, nacho ni mkanda wa taimingi, ule ulio ndani unaofanya kila kitu kwenye injini kifunguke na kufunga kwa zamu. Mkanda wa gari lile haupatikani ovyo. Akaambiwa kuna mtu Mbarara, Uganda, anao. Akaenda kupitia Murongo, mpakani. Kabla hajaondoka akaniambia gari nisiliendeshe, ila niliwashe mara moja kwa wiki, lipate joto kamili, nisilikanyagie, kisha niliache lipumzike.

Wakati wa kurudi hakupita darajani. Kwa nini hakupita, kila mtu ana lake la kusema. Alivuka mto Kagera kwa mtumbwi pamoja na watu wengine, na mtumbwi ukapinduka. Waliookoka walisema alikuwa anajua kuogelea, lakini aliogelea kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, na alipoambiwa akiachie hakukiachia. Jaketi lake lilipatikana kwenye mafunjo. Yeye hakupatikana. Tulimtafuta huko chini, tukauliza hospitali ya Nyakahanga na kwingineko, na hatimaye watu wakaacha kuuliza.

Mimi sikuacha. Nilikuwa nawasha gari kila Jumapili baada ya misa, kama alivyoniagiza. Na siku aliyoliona Kahigi haikuwa Jumapili.

Watu walipotawanyika nikatua maharage, nikaenda bandani. Gari lilikuwa limefunikwa turubai vizuri, nikalifunua. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na uvuguvugu, kama kitanda alichotoka mtu. Nikafungua mlango ili nikae, na hapo ndipo nilipokiona kiti. Mimi ni mfupi, kiti cha dereva hukisogeza mbele kabisa ndipo nifikie pedali. Sasa kilikuwa kimerudishwa nyuma, mwisho kabisa, mahali alipokiweka Elick kwa sababu ya miguu yake mirefu. Pedali zilikuwa mbali nami.

Sikupiga kelele. Nilikaa pale, mikono kwenye mapaja, nikiangalia usukani. Nikajiambia labda nilikisogeza mwenyewe nikasahau. Lakini mimi si mtu wa kusahau vitu vya namna hiyo. Nikafungua boneti, nikazungusha kifuniko cha oili. Upande wa ndani kulikuwa na povu jeupe, zito, kama mtindi. Sijawahi kuliona kwenye gari lile tangu niolewe.

Habari ya Kahigi ikatangulia kufika kwa baba mkubwa Rweyemamu kabla jua halijazama. Huyu ni kaka wa marehemu baba yake Elick na ndiye mkubwa wa ukoo. Kesho yake akaja na wazee wengine, wakaketi barazani. Nikapiga magoti nikawasalimia, nikawaletea kahawa ya kutafuna. Mama mkwe, ambaye jina lake ni Kokwijuka, alikuwa kando anamenya ndizi, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama. Amezaa wengi lakini aliyebaki mpaka kuoa ni Elick peke yake.

Rweyemamu hana maneno mengi. Akasema wamesubiri vya kutosha kwa heshima yangu na ya mama yake, lakini sasa jambo limejionyesha lenyewe.

"Mtu asiyezikwa hutafuta pa kukaa," akasema. "Huyu amepapata."

Huku kwetu mtu akipotea majini na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba lenye kimo chake, likaviringwa kwenye lubugo, ile nguo ya gome la mti, likazikwa kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, kama anavyozikwa mtu. Kabla ya hapo moto wote wa nyumba huzimwa na majivu humwagwa. Kikombe chake hufudikizwa. Jembe lake hutolewa mpini. Rweyemamu akasema na gari ni hivyo hivyo, lisiwashwe tena mpaka mrithi atakapokuja kulichukua, kwa sababu kitu cha marehemu kikiwa na joto kaburi halishiki. Mazishi yatakuwa Jumamosi.

Nilitaka kusema kwamba Elick hajafa. Lakini nikawaza nitaulizwa nimejuaje, na jibu ambalo ningekuwa nalo lilikuwa kiti tu. Nikamwangalia mama mkwe. Kisu chake kilikuwa kimesimama.

Lile povu lilinikosesha raha. Nililichota kidogo kwenye kitambaa, nikapanda bodaboda mpaka Kayanga kwa fundi Hanifu. Hanifu alizaliwa pale pale mjini, ila babu yake alitoka Tanga, na bado huongea kama mtu aliyeshuka jana. Yeye na Elick walikuwa wakigombana kuhusu injini kama watu wengine wanavyogombana kuhusu mpira. Nikamweleza yote, hata la kiti. Akalinusa povu, akalisugua kati ya vidole.

"Shemeji, hili si jini," akasema. "Majini ya kwetu pwani yanataka uvumba na halua. Petroli yanaikimbia."

"Sasa ni nini?"

"Ni mtu. Anawasha, halijashika moto anazima. Kesho tena. Ule mvuke unageuka maji humo ndani, maji yanaingia kwenye oili, ndiyo maziwa haya. Jini lingeliendesha kabisa mpaka Bukoba, likapate moto wake vizuri."

Vijana wa gereji wakacheka. Mimi sikuweza. Hanifu akaliona hilo, akaacha mizaha, akachukua pikipiki yake akanifuata nyumbani. Mama mkwe alikuwa kanisani kwenye jumuiya. Nikawasha gari. Hanifu akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akauweka sikioni, kama daktari. Akahamisha huku na huku. Alipofika upande wa mkanda akatulia, kisha akaniita, akanipa mimi nisikilize. Ndani ya mngurumo niliousikia miaka yote kulikuwa na kitu kingine, chembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

"Zima," akasema.

Nikamwambia bado halijapata joto.

"Zima, shemeji. Leo afadhali maziwa."

Akanieleza kwamba ile ni beringi inayoukaza mkanda, imekwisha, na mkanda wenyewe umezeeka. Kuwasha kila mara ovyo kumemaliza kilichokuwa kimebaki. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu na pistoni zitagongana humo ndani, na kazi yote ya Elick itaisha kabla hujafumba macho. Akasema nisidanganyike, gari linaweza kuwashwa mara kumi likawaka, na linaweza lisimalize kuwaka mara moja. Kisha akasema tena lile alilokuwa ameshaniambia mara nyingi, kwamba sasa mkanda na beringi vinaweza kuagizwa Mwanza, atavifunga yeye mwenyewe, niseme neno tu.

Sikukubali. Hanifu ni mtu mwema na hawezi kuelewa. Elick alikuwa anaweza kuogelea kwa mikono miwili. Nikiufunga mkanda mwingine, ule alioushika atakuwa ameufia bure. Na kama hakufa, atarudi akiwa ameushika, atanikuta nimeshaweka wa mtu mwingine. Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza, na sikumwambia mtu.

Siku iliyofuata nikachukua jembe na kapu, nikaaga kwamba nakwenda bondeni. Mama akaniambia nisifanye haraka kurudi. Nilipofika penye migomba nikakata kona, nikarudi kwa nyuma, nikaketi kwenye majani makavu mahali ninapoona ndani ya banda kupitia mlango wake mdogo wa ubavuni. Mimi najua kukaa. Siafu walinipanda nikawatoa mmoja mmoja bila kutikisika.

Mama mkwe akatokea na fimbo yake. Alikuwa amejifunga kanga mpya, ile ya kwendea harusi. Akafunua turubai kwa upole, akalikunja kama shuka. Akafungua mlango wa dereva, akainama, akavuta chuma cha chini na kukisukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Akakipangusa kwa ncha ya kanga. Kisha akaufunga mlango, akazunguka upande wa pili, wa abiria, akaingia. Viti vya gari lile ni vya shimo, na yeye mgongo umepinda. Kichwa chake kikazama, nikawa simwoni tena. Ikawa kama gari halina mtu. Ndipo likawaka.

Injini baridi hupandisha na kushusha sauti yenyewe, hiyo ni kawaida. Lakini pale kwenye majani nilimwelewa Kahigi.

Kisha nikamsikia yule mbu. Nikakimbia.

Mama hakushtuka nilipofungua mlango wa dereva. Alikuwa ameshika mikono yake pamoja, anatazama mbele kwenye milango mikubwa ya banda iliyofungwa kana kwamba ni barabara. Nikataka kuingia. Akainua kiganja.

"Usikae hapo. Pana mtu."

Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaingia. Nikautoa. Nikapitisha mkono juu ya kile kiti kitupu, kwa uangalifu, kama unavyopitisha mkono mbele ya mtu mzima ukiomba radhi, nikazima.

Kimya kikaingia. Chuma cha bomba la moshi kikaanza kupoa, tik, tik, tik.

Nikamuuliza kwa nini anafanya hivi. Kwanza akasema mwenye nyumba akiwa safarini moto wake hauzimwi, na moto wa Elick haukuwa jikoni, ulikuwa huku, hata mimi najua. Nikamwambia moto ninauwasha kila Jumapili kama alivyoagiza. Akatikisa kichwa.

"Wewe unamwashia gari," akasema. "Mimi ninamnyamazisha. Hii ikinguruma simsikii. Ikizimwa ndipo anaanza kuita."

"Anaita nini, Mama?"

"Anaita kama alivyokuwa akiita utotoni. Ameshikwa na maji, mikono imejaa. Anataka mtu amshikie alichokibeba." Akanigeukia. "Sasa hivi. Umesikia?"

"Ni chuma kinapoa."

"Si hicho. Nyuma yake."

Nikasikiliza. Tik. Kisha kimya. Tik. Ningependa kusema kwamba kati ya tik na tik sikusikia kitu.

Nikachuchumaa kando ya mlango, nikamweleza habari ya mkanda na beringi, kwamba anavyoliwasha na kulizima ndivyo anavyoliua, na kwamba likizungushwa tena linaweza kufa moja kwa moja, na Elick akirudi tutamwonyesha nini. Alisikiliza vizuri. Akauliza kama gari likifa na sauti itakoma. Nikasema sijui. Akasema, basi sitaliwasha, mwanangu, nimesikia.

Nilichukua ufunguo nikautundika pale pale kwenye msumari wake, nyuma ya mlango wa sebuleni. Niliwaza kuuficha. Lakini kumficha mama mkwe kitu cha mwanawe, nyumbani kwake, ni sawa na kumfunga mikono. Sikuweza. Usiku wa siku zile hatukulala sana. Aliketi kitandani mwake na mimi mwangu, kila mmoja akijua mwenzake anasikiliza.

Jumamosi watu wakaja. Moto ukazimwa tangu alfajiri, majivu nikayamwaga mwenyewe nyuma ya nyumba. Kikombe kikafudikizwa mezani. Shimo lilichimbwa katikati ya migomba, karibu na kaburi la baba yake. Katekista alisema Kanisa halizikii mgomba, ila hakukataa kusali rozari kivulini pamoja na wanawake. Shina lililokatwa lilikuwa na kimo chake kweli. Rweyemamu alilipima kwa kamba aliyokuwa amepimia jaketi na suruali. Walipoliviringa kwenye lubugo na kuweka lile jaketi juu, nikaona mabega. Niliangalia kando.

Hanifu alikuja, akasimama nyuma na kofia yake mkononi. Kahigi alikuwepo, hajanywa. Wanawake walinikalisha kwenye majani, wakanifunga kamba ya mgomba kiunoni kama mjane. Ile kamba ilikuwa bado mbichi, inatoa maji, na yale maji yakaniloanisha nguo polepole. Nilijua kwamba wakishafukia mimi sina tena mtu wa kumsubiri. Gari litavutwa kwenda kwa mrithi, mpwa wao wa Bukoba, na hakuna atakayeniuliza Jumapili niko wapi.

Niliangalia upande wa wazee wa kike nimwone Mama. Mkeka wake ulikuwa mtupu.

Rweyemamu alikuwa ameshainua konzi ya udongo. Akaita jina la Elick, jina la baba yake, jina la babu yake. Ndipo injini ikawaka.

Sijui jinsi ya kueleza ukimya wa watu wengi. Hata watoto hawakulia. Sauti ilitoka bandani, ikapita kwenye migomba, ikapanda, ikashuka. Mwanamke mmoja akaanza kusali kwa Kinyambo. Kahigi akasema taratibu, si kwa kujisifu, "Niliwaambia." Wanaume waliokuwa wameshika kamba wakaliachia shina, likabaki limelala ukingoni, nusu shimoni nusu nje. Rweyemamu hakuutupa ule udongo. Aliushika tu.

Mimi nilinyanyuka. Hakuna aliyenizuia. Nikiwa njiani nilikuwa simsikilizi mtu wala mzimu, nilikuwa namsikiliza yule mbu, nikajua kabla sijafika kwamba amekua.

Milango ile mikubwa ya banda ilikuwa wazi yote miwili, mbele ya gari hapakuwa na mbao tena bali njia, ile inayoshuka mpaka barabara kuu. Hata jiwe la kuzuia gurudumu lilikuwa limeondolewa. Mama alikuwa kwenye kiti cha abiria, na kanga yake ya harusi, kikapu mapajani. Ndani ya kikapu kulikuwa na shati safi la Elick na ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye jani. Nikafungua upande wa dereva, nikanyoosha mkono juu ya kiti nizime kama siku ile.

"Leo kaa," akasema.

Nikamtazama.

"Kaa, mwanangu. Hayupo hapa. Wamemwita kwa majina yote yale akaondoka, ameona shimo. Amerudi mtoni."

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa. Kiti kilikuwa nyuma kabisa, miguu yangu ikaning'inia mbali na pedali kama ya mtoto kwenye kiti cha mkubwa. Mshale wa joto ulikuwa chini, haujaamka. Kuanzia hapa mpaka Murongo kuna milima, na ningeweza kuhesabu kila mlima ambao Elick alikuwa akiuogopea mkanda ule hata ulipokuwa bado mzima. Nikaushika ufunguo. Nikiuzungusha nyuma, injini itabaki nzima, itakuja kuchukuliwa ikiwa nzima, na kule kibanjani watamalizia kufukia. Mbu alikuwa amepanda mpaka sauti ya kengele ndogo.

Rweyemamu alifika mlangoni mwa banda, bado na udongo mkononi. Nyuma yake watu walisimama mbali, Hanifu akiwa mbele yao. Hanifu alinionyesha kwa kidole kooni, zima, zima. Rweyemamu akaniangalia mimi kwanza, kisha akamwangalia Mama, shemeji yake, na kile kikapu, na uso wake ukawa wa mtu aliyeona kitu asichopaswa kukiona.

"Placida, binti yangu," akasema, "lizime. Tumalize."

Mama hakumgeukia. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wangu, juu ya ufunguo. Ulikuwa mwepesi na mkavu kama ganda la maharage. Haukuusukuma wangu huku wala kule.

"Hawezi kupambana na mto huku ameshika mkanda," akaniambia. "Wewe unajua kuliendesha, alikufundisha. Nakuomba, mwanangu. Nipeleke Murongo nikampokee mzigo wake."